Mama Hakugeuka

Nilipokuwa bado mtoto pekee nyumbani kwetu Samuye, nilimwonea wivu mtu ambaye hajazaliwa. Mama alikuwa mjamzito. Bibi, mama yake baba, alimkataza kubeba ndoo na kutwanga mtama, lakini kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, alimtoa kutembea mpaka kisimani.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe baki na kuku," Bibi alinijibu. "Matembezi haya ni ya huyu wa tumboni."

Njiani Bibi alimtaka Mama aongee. Akikosa pumzi ya kujibu, walipumzika kivulini. Mimi nilisikia vicheko vyao tu vikienda mbali, na roho iliniuma.

Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia. Niliwafuata mbio, nikajikwaa, nikaanguka.

"Mama, rudi!"

Mama alisimama. Niliona bega lake likianza kugeuka.

"Usigeuke, Mama Kabula!" Bibi alimshika mkono. "Ukirudia njiani, na mtoto atarudi nyuma siku ya kuzaliwa."

"Kabula analia, mama."

"Alie. Mapafu yake mazima."

Wakaendelea mbele. Nilibaki vumbini nikiwa na hakika kwamba amemchagua yule mwingine.

Baadaye nilisikia mtu akihema nyuma yangu, upande wa nyumbani. Alikuwa Mama. Alikuwa amezunguka kwa njia ya ng'ombe, kiuno amekishika, kanga imejaa mbigili.

"Mkaidi huyu!" Bibi alilalamika nyuma yake. "Kisimani hatukufika, na sasa hata kuongea hawezi. Kaa, upumue!"

Mama alikaa kando yangu, akanifuta kamasi.

Mdogo wangu alizaliwa salama, kichwa kwanza, na Bibi alijisifu kwa hilo mpaka alipofariki.

Sasa ninaishi Kharumwa. Mume wangu yuko machimboni, nami nina mimba ya pili. Nesi wa kliniki amenishauri nitembee taratibu, nisibebe vizito. Nilipomweleza habari ya kutogeuka alicheka, nami kwa haya nikacheka naye. Ninatembea peke yangu, bila mtu wa kunipima pumzi kwa maongezi, na siku hizi ninayemwonea wivu ni Mama.

Binti yangu hunililia akiwa mlangoni. Najua ningeweza kugeuka tu. Lakini mimi huzunguka nyuma ya nyumba ya jirani, polepole, nikamtokea upande wa pili. Nikifika huwa simwambii neno. Nakaa kando yake mpaka pumzi irudi.