Dawa ya Mdogo Wangu

Nilikuwa mwezi wa tatu wa vidonge vya kifua kikuu mdogo wangu alipokuja kijijini kwetu Nyabiyonza likizo kutoka chuo kikuu. Baba alichinja mbuzi. Mimi nilipotoka hospitali nikiwa mifupa mitupu, nilipikiwa uji.

Huyu mdogo wangu anatafiti dawa za ugonjwa uleule ulionilaza. Watu walipokwisha kula, baba akamsimamisha awaeleze wazee wa usharika kazi yake. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani.

“Dawa tunaifungia ndani ya vichembe vidogo mno, havionekani hata kwa darubini ya shuleni,” alisema. “Vinaingia mpaka kwenye seli za mapafu ambamo wadudu wa TB wanajificha, halafu vinaachia dawa polepole. Tukifaulu, mgonjwa hatameza vidonge kila siku.”

Wazee waliguna kwa kupendezwa. Baba akanitupia jicho, kama mwalimu anayeonyesha mfano ubaoni. Moyo ukaniuma. Kemia niliipenda mimi kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha chini ya migomba, mwaka ule nilipofeli kidato cha nne nikarudi kulima kibanja, shamba letu la ndizi.

“Na hiyo dawa imeshamponya nani?” nikauliza kwa sauti.

“Bado, dada. Tunajaribu kwa panya.”

“Basi panya wana bahati.”

Watu wakacheka. Akaketi. Nilifurahi, mpaka nilipomwona akikusanya sahani bila kuinua macho.

Kesho yake asubuhi alinikuta uani nimeshika vidonge. Akachuchumaa karibu yangu na daftari.

“Dada, kila siku naandika jinsi dawa hizi zinavyowasumbua watu, lakini sijawahi kukaa na mtu anayezimeza. Niambie.”

Nilitaka kumfukuza. Nikajikuta namweleza kichefuchefu kinachonishika hadi saa nne, mkojo mwekundu ulionitisha siku ya kwanza, magoti yanayouma nikiinama kupalilia. Nikamwambia na lile ambalo hakuna aliyelijua: siku moja nilivitupa vidonge chooni, nikamdanganya mama kwamba nimemeza.

Akaacha kuandika. “Usirudie, tafadhali.”

“Sirudii.”

Alipofunga daftari wivu ulinipanda upya. Hata maumivu yangu yalikuwa yanaondoka naye kwenda kuwa kazi yake.

Nilimaliza dozi, nikapona kwa vidonge vilevile vya zamani. Mwezi uliopita akapiga simu: panya wake wameendelea vizuri, na ameitwa kueleza matokeo mbele ya maprofesa.

“Nitawasimulia na yale uliyoniambia. Jina lako sitalitaja, usiwe na wasiwasi.”

“Litaje,” nikasema.

“Sawa, dada.”

Mkutano umeshapita. Tumeongea mara mbili tangu hapo, habari za mvua na za mama. Sijamuuliza kama alinitaja.