Siku Ng'ombe wa Baba Walipowekwa Mwisho

Baba alikuwa ndani ya josho, dawa imemfika kifuani, amemkumbatia ndama wa jirani yetu mjane. Ndama alikuwa ameshakufa, lakini baba hakumwachia. Ng'ombe waliotangulia kuogeshwa walilala kwenye majani, povu mdomoni, miguu inatetemeka. Watu walisimama wanatazama. Mmoja akasema, "Mwacheni afande aionje dawa yake." Mwingine akacheka. Nikashuka nikamvuta kwa makwapa, nikalowa mpaka mabegani. Baba alifariki jioni hiyo. Mimi nilibaki, na vidole hivi visivyosikia moto wala baridi.

Niseme alikuwa nani, maana leo kijijini kwetu Budondo, karibu na Jinja, wanamwita muuaji.

Hakuwa afande. Babu yake ndiye aliyekuja na jeshi kutoka Sudan. Baba hakuwahi kuvaa hata buti za askari. Lakini alikuwa Mwislamu na alisema na ng'ombe wake kwa Kiswahili, na kwetu, ambako Kiswahili ni lugha ya askari, hiyo inatosha. "Simama! Geuka! Pole pole, mama." Majirani walimcheka: afande anafundisha ng'ombe kwata. Hakukasirika. Asiye na ng'ombe alimpelekea mtamba. Ndama jike wa kwanza akahamia kwa jirani mwingine asiye na kitu. Hivyo maisha yake yote. Watoto wengi wa upande wetu wamekua kwa maziwa ya zizi lile. Josho alilichimba mwenyewe, akawafungulia wote. Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge. Kama najuta au sijuti, leo si siku yake.

Sheria yake ilikuwa moja. Dawa mpya ikichanganywa, ng'ombe wake wanatangulia. Wakitoka tunakunywa chai tukiwatazama. Wakicheua vizuri, ndipo wa majirani wanaingia.

Siku ile mwenyekiti wetu wa kijiji alitaka kumheshimu. Alileta viti, turubai, mtu wa kamera, na koti jipya la kumvika baba kwa yote aliyowafanyia wakulima. Dawa ya kupe aliinunua yeye Mbale, akajisifu mbele yetu duka gani na jinsi alivyopunguziwa bei. Daktari wa mifugo akagonga jerikeni kwa kalamu, kifuniko hakufungua, akasema, "Iko sawa."

Baba akainuka kwenda zizini. Mwenyekiti akamshika bega, akamwinamia sikioni. Alimsemesha kwa Kiswahili, si kwa Lusoga yetu ya kijijini, wengine wasielewe. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti nimeshika koti.

"Leo wewe bwana harusi, afande. Bwana harusi anaosha sufuria?"

"Ng'ombe wangu kwanza, bwana."

"Zako mwisho leo. Wageni kwanza. Ama unataka kuniaibisha mbele ya kamera?"

Baba akakaa. Nikamvika koti, watu wakapiga makofi.

Wakafa ng'ombe wa mjane, wakafa wa katekista, wakafa wa karibu kila mtu. Wa baba walikuwa zizini wanacheua. Hilo ndilo lililomzika kabla hajafa. "Kwa nini zake zimepona?" waliuliza, na mwenyekiti akatazama viatu vyake. Nilipoeleza, waliniambia mtoto wa afande anatetea nyumba yake. Mazishini walikuja watu wa msikiti kutoka Nalufenya, mjini Jinja. Waliopewa mitamba walifunga milango.

Nikahamia Mbale kwa shangazi. Siku moja nilipita shamba la nyanya linapuliziwa dawa, na harufu ikanifikia. Ilikuwa ile ile ya joshoni. Nilitapika palepale njiani. Mpulizaji aliponitajia duka, lilikuwa lile alilojisifia mwenyekiti. Nilimkuta mwenye duka anamimina kutoka pipa moja, jerikeni hii ina picha ya nyanya, hii ina picha ya ng'ombe.

"Si ni kitu kimoja hicho?" nikamuuliza.

"Nyabo, dada yangu, dawa ni dawa. Mdudu akifa, wewe unalia nini?"

Nikarudi Jinja kwa yule daktari wa mifugo. Alinisikiliza amesimama.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La nne."

"Basi mambo ya kemikali niachie mimi."

Hata leo, mchana kweupe, nikichemsha chai nasikia ng'ombe anakohoa nyuma ya nyumba, na sauti inamwambia pole pole, mama. Natoka na mwiko mkononi. Kuna kamba ya nguo tu. Shangazi ameacha kuniuliza.

Majina yenu siyaandiki, mnajijua. Wewe wa duka ulimimina sumu ya nyanya ukaiita dawa ya kupe. Wewe daktari uligonga plastiki ukaiita kupima. Polisi nimewapelekea yote, wakaniambia nisubiri, nami nasubiri. Lakini wewe mwenyekiti huhitaji polisi. Ulijua siku ile ile kwa nini ng'ombe wa baba walipona, ukamwacha azikwe kama mwizi. Njoo pale joshoni siku ya soko, umtazame mjane usoni, umwambie ni nani aliyemkalisha baba yangu kwenye kiti. Sikioni ulisema kwa Kiswahili. Sasa sema kwa Lusoga, kwa sauti, wote wasikie.