Mkwe, Mimi na Pikapu

Mimi nina mdomo. Sikatai. Nikikwama nafoka, na nikifoka natukana, na kitu nilichokitukana kuliko vyote duniani ni ile pikapu yangu. Niliinunua ikiwa imeshazeeka, imebebeshwa mawe, alizeti, mbuzi na kuku, na mlango wake wa kushoto unafungwa kwa kamba. Mafundi wa Misigiri wakinisikia nagomba barabarani huambiana, "Huyo kazimikiwa," halafu ndipo wanachukua spana.

Sasa mtu mwenye mdomo kama wangu, Mungu akampa mama mkwe anayeshika mila barabara. Kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na hawaongei ila kwa kupitia mtu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mama yule hajawahi kuniangalia. Nikitokea, kanga inashuka hadi puani. Mwishoni hata kanga haikuhitajika, maana macho yake yote mawili yaliingia ukungu. Siku moja alimkaribisha mbuzi ndani, akamwambia asimame vizuri ampime urefu, akidhani ni mjukuu wake. Tulicheka wote, na yeye akacheka, kisha jioni mke wangu alimkuta amekaa nyuma ya nyumba analia.

Kwa hiyo tuliposikia madaktari wa macho wamefika Shelui, na kwamba siku ya mwisho wanaandikisha majina hadi saa sita mchana tu, shemeji zangu wakasema tukodi gari la maana. Nani aliyedakia? Mimi. "Kukodi gari la nini na pikapu ipo?" Niliyasema maneno hayo kwa sauti, mbele ya ukoo mzima. Kila nikiyakumbuka nasikia aibu upya.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho tulimpitia kijijini kwake. Mke wangu akakaa katikati, mama dirishani, nami kwenye usukani. Nikasema, "Mwambie mama shikamoo." Mke wangu akageuka, "Mama, anasema shikamoo." Mama, ambaye goti lake lilikuwa hatua moja kutoka kwenye gia, akasema, "Mwambie marahaba." Tukaenda hivyo. Mwambie mama kuna shimo. Mwambie mumeo shimo nimeshalisikia. Mke wangu alikuwa ameshachoka kabla hatujafika lami.

Tulipoipita Misigiri, kwenye tambarare kabla ya kuanza kushuka mlima wa Sekenke, pikapu ikakohoa mara mbili, ikajamba, ikazima. Saa nne na nusu.

Nilishuka. Nikafungua boneti. Maneno yalinipanda hadi kwenye meno, nikayameza moja moja, maana dirisha lilikuwa wazi na mkwe alikuwa amekaa pale wima na kikapu chake. Jamani, kutengeneza gari bila kutukana ni kazi! Niliangalia waya, nikaangalia plagi, nikarudia waya zile zile, sikuona kitu. Basi la kwanza likapita limejaa, la pili halikupunguza hata mwendo.

Akatokea bodaboda. Mama akasema afadhali afe na ukungu wake; bodaboda ilishamwangusha kwenye mchanga na kiuno kinamkumbusha kila mvua ikikaribia. Basi mke wangu akachukua kadi ya hospitali ya mama, akapanda yeye, aende akashike foleni. Kabla hajaondoka akaninong'oneza, "Mume wangu, akikosa leo, mimi na wewe tutaongea." Nikaelewa.

Wakaondoka. Tukabaki wawili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtu wa kutupitishia maneno amekwenda na pikipiki.

Robo saa ikapita. Jua linawaka, nami nazunguka gari kama naliuza. Mwishowe nikasikia sauti kutoka dirishani, imetulia kabisa.

"Wewe gari."

Nikanyanyua kichwa nikagonga boneti.

"Wewe gari," akasema mama mkwe wangu, akiipigapiga dashibodi kwa kiganja, "huyo bwana wako ana maji ya kunywa? Maana ya kwangu yamo humu kikapuni, na mimi sina kiu."

Nikafikiri kidogo. Nikaweka mkono juu ya taa ya mbele. "Wewe gari," nikasema, "mwambie mama asante, nakuja kuyachukua."

Basi ikawa njia yetu. Wapita njia waliona bibi na mtu mzima, kila mmoja anasema na pikapu mbovu, wakaongeza mwendo.

"Wewe gari, saa ngapi sasa?"

"Wewe gari, mwambie saa tano na dakika tano."

Halafu sauti ikashuka. "Wewe gari, siku mwanangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili, mvua inanyesha, mito imejaa, ulimfikisha. Hukuzima hata mara moja. Nilikuombea dua siku ile, gari wewe. Leo mimi ninataka kitu kimoja tu, niwaone wale watoto sura kabla sijafa, ndipo unanizimia?"

Nilisimama pale na spana. Huyo mama alikuwa hajanipa neno jema hata moja miaka yote, na kumbe dua alishaiomba.

Kisha akakohoa. "Wewe gari, nimeambiwa bwana wako ana mdomo mchafu, na kwamba bila huo mdomo huwaki. Leo mbona kimya? Kama ni kwa ajili yangu, mwambie mimi naziba masikio." Akachukua ncha mbili za kanga, akajiziba masikio kweli, akafumba macho na kuinamisha kichwa.

Loh! Sikungoja kubembelezwa. Nikamwaga yote niliyoyameza tangu saa nne na nusu. Nikaiita bati la kuezekea choo, nikaiita mbwa koko wa chuma, na la tatu siliandiki hapa. Nikalipiga teke gurudumu la mbele nikaumia dole gumba. Na hapo, moyo ulipotua, akili ikarudi. Nikachomoa mpira wa kabureta, nikamwambia mke wangu apige stata, nikakumbuka hayupo, nikapiga mwenyewe na kurudi mbio kuangalia. Mkavu. Hakuna hata tone. Pampu ya mafuta ilikuwa imekufa, nami nilikuwa nahangaika na waya!

Pampu ya kununua haikuwepo porini pale. Lakini nyuma nilikuwa na bomba la kupulizia dawa shambani. Nikakata mpira wake, nikafyonza petroli kwenye tangi kwa mdomo, nikatema, nikajaza ile chupa ya mama niliyokwisha kunywa maji yake. Nikachomeka mpira kwenye kifuniko, nikatoboa tundu kwenye kitako ili ipate hewa, nikaunganisha upande wa pili na kabureta. Chupa ikiinuliwa juu kichwa chini, mafuta yanashuka yenyewe. Tatizo likawa moja: nani wa kuiinua, mpaka Shelui?

"Wewe gari," nikasema kwa unyenyekevu wote, "mwambie mama kuna chupa hapa inatakiwa kushikwa juu, nje ya dirisha, na mkono usishuke hata kidogo."

"Wewe gari," akajibu, ameshanyoosha mkono, "mwambie mkono huu umetwanga uwele miaka hamsini. Aendeshe."

Ikawaka kwa jaribio la kwanza. Tukateremka Sekenke, kikapu kimekaa katikati mahali pa binti yake, na mkono wa mama mkwe wangu umesimama nje dirishani na chupa ya petroli. Madereva wa malori waliokuwa wanapanda mlima walitupigia honi mmoja baada ya mwingine. Mama akadhani wanamsalimia, akawa anaitikia kwa kichwa. Nilisimama mara mbili kujaza, na mara zote mbili nilimkuta mkono uko pale pale.

Karibu na chini akasema, "Wewe gari, lile la tatu lilikuwa kali. Hata marehemu mume wangu akiwa amelewa hakuwahi kulifikia." Nilitamani kuruka nje.

Tulifika saa sita kasoro dakika chache. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni amepanua mikono, anagombana na karani, anasema mama yake yuko chooni. Alipomwona anashuka ananuka petroli, akamshika mkono wakaingia. Jina lake liliandikwa la mwisho, na jioni ile akapasuliwa jicho moja kuondolewa ukungu.

Kesho yake mchana nilikwenda kuwachukua, pampu mpya imefungwa. Bandeji ya jicho la kwanza ilikuwa imetolewa. Mama akatoka ameshikwa mkono na binti yake, akausukuma mkono taratibu, akaja mwenyewe hadi mbele ya pikapu. Akaigusa taa, akaitazama kamba ya mlango. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya tairi, nikainamisha uso nikingoja kanga ishuke.

Haikushuka. Nilipoinua macho nikakuta ananiangalia mimi, moja kwa moja, muda mrefu, mkono ukiwa bado juu ya taa.

"Wewe gari," akasema, "kumbe umezeeka hivi? Mbona umekonda? Wanakupa chakula lakini?"

Mke wangu akafungua mdomo anifikishie. Nikamwahi.

"Ninakula, mama," nikasema. "Ninakula vizuri."