Nilivyopewa hadi Jumapili kutengeneza kisu cha jiwe kwa mfupa wa ng'ombe, shahidi akiwa baba mkwe

Wakuu, vuteni viti. Haya yamenipata mimi mwenyewe hapa Kitengela mwezi huu, na sijaongeza chumvi. Mpaka leo nacheka peke yangu ofisini, watu wananiangalia.

Niko na hobi ya ajabu kidogo. Natengeneza visu vya mawe, vile vya watu wa kale.

Unachukua jiwe gumu, unaligonga na mfupa mzito mpaka linabanduka vipande vyembamba. Halafu unachonga makali kwa kuyakandamiza na mfupa mdogo uliochongoka. Ni hayo tu. Kwa maneno.

Wazungu wa kwenye video wanatumia pembe za wanyama wao wa baridi, zile zenye matawi. Sisi hatuna hao, na ukipatikana na pembe ya swala utaenda kujieleza mahakamani. Kwa hivyo mimi ni mifupa tu.

Mawe naokota kando ya barabara ya Magadi, nikishapita Oltepesi. Yale ya ndani ya eneo la makumbusho, penye zana za watu wa kale wenyewe, usiguse, tafadhali. Yale ni yetu sote.

Sasa, miezi minne nilikuwa sijamaliza hata kisu kimoja! Kila nikigonga, mfupa unapasuka ama unatoa unga, na jiwe liko vile vile ama linameguka ovyo. Nililaumu mawe. Nililaumu mikono. Balkoni ilijaa vipande.

Siku moja mke wangu, Mama Sifa, akaenda kuanika nguo akakanyaga kimoja. Alifunga kidole kwanza, akanywa maji, ndipo akatoa hukumu.

"Baba Sifa, Dad anakuja Thursday. Sunday tukitoka church, utanikatia kilo moja ya nyama na hiyo kisu yako, yeye akiona. Ikishindwa, hiyo mawe yote inatoka kwa hii nyumba."

Nikakubali. Hata sijui nilikuwa nafikiria nini.

Niseme ukweli, niliogopa. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, na ile balkoni ndiyo mahali pekee mikono yangu inafanya kitu. Nilikuwa naipenda kuliko nilivyokuwa nimemwambia mtu.

Na huyo baba mkwe! Mzee amekuwa na bucha kule Bungoma tangu mke wangu hajazaliwa. Isitoshe, kwetu Magharibi mtu na baba mkwe hawazoeani. Miaka sita tumeongea mvua na hali ya barabara, basi.

Alhamisi akafika. Chakula hakijapoa, Mama Sifa akanishtaki. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono.

"Lete huo mfupa nione."

Nikaleta. Akaunusa. Akaugonga kwa meza. Wakuu, akauuma!

"Umetoa wapi?"

"Kwa kibanda cha supu, Baba. Wananiwekea."

Mzee akafunga macho kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mkwe, umechemshwa huu. Ng'ombe alikufa mara moja, huu mfupa umekufa mara mbili. Utapasua nini na maiti?"

Miezi minne, wakuu! Miezi minne nagonga mawe na mabaki ya supu!

Ijumaa asubuhi tukaenda kichinjioni, yeye mbele mimi nyuma. Mzee mmoja wa Kimaasai, muuzaji pale, akamsalimia "Sopa," baba mkwe akajibu kwa Kiluhya chake "Mulembe," na wakaelewana kabisa.

Akaanza kupapasa miguu ya ng'ombe mmoja mmoja. Wa kwanza akaukataa: "Huyu alikuwa analetewa nyasi mdomoni." Wa pili, wa tatu, hapana. Kisha akafika kwa mguu wa fahali mzee aliyeletwa kwa miguu kutoka upande wa Magadi.

"Huyu ametembea," akasema. "Mfupa wa mnyama aliyetembea ndio mfupa."

Tukaukwangua nyama, tukatoa uboho, tukauanika kivulini. Jumamosi jioni nikavaa miwani ya fundi wa kuchomelea, nikagonga mara moja.

Kipande kikabanduka, kirefu, chembamba, safi. Nilipiga kelele jirani akachungulia. Mzee naye alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, anajifanya anaangalia mawingu. Usiku huo nikachonga makali, kisu kikaisha.

Jumapili, kilo ya nyama iko mezani. Nikaanza. Wakuu, kisu kinaingia kama kwenye siagi! Robo, nusu. Mama Sifa ameacha kukunja mikono. Nikavimba kichwa, nikakandamiza kwenye mshipa mgumu kwa fujo.

Ta! Kikavunjika katikati.

Mke wangu akaangalia balkoni. Mimi nikaangalia sakafu. Roho ilishuka mpaka kwa soksi.

Mzee akasimama, akaja upande wangu wa meza, mahali ambapo kwa heshima zetu hajawahi kukaa. Akaokota nusu moja, akaipitisha kwa kidole gumba, akanipa. Nusu ya pili akabaki nayo.

"Makali yako pale pale," akasema. "Kata huko, mimi nikate huku."

Tukamaliza ile kilo pamoja, bega kwa bega, mkwe na baba mkwe. Mama Sifa alitaka kusema kitu kuhusu masharti. Babake hakuinua hata uso.

"Binti yangu, nyama imekatika ama haijakatika?"

"Imekatika, Dad."

Mawe yako balkoni mpaka leo, ila sasa nafagia.

Nilichojifunza: mfupa uwe mbichi, wa mnyama aliyetembea, na ukikwama uliza mtu wa kazi hiyo hata kama unamwogopa. Mimi nilikuwa na mtaalamu kwenye familia miaka sita nikimweleza habari za mvua.

Kama kuna mwingine humu anagonga mawe, ajitokeze tuongee. Kejeli pia naruhusu, nimezoea. Lakini haraka kidogo, maana mzee amepiga simu saa hii kutoka Bungoma, na kwa mara ya kwanza hajaomba kuongea na bintiye.