Nafasi ya Upande wa Kushoto

Nilimwomba mfanyabiashara anayejaza video kwenye simu za watu anitilie dansi yoyote ya kufundishia. Kwa haraka zake akanitilia filamu ya Kifaransa juu ya wachezaji wa baleti wa Urusi. Nilikasirika, nikamtukana kimoyomoyo njia nzima. Kisha nikaketi penye cherehani yangu nikaitazama mpaka betri ikazima.

Mimi ni mtu wa Beni. Nilihamia Butembo mashamba yetu ya kakao yalipokuwa hayaendeki tena kwa ajili ya vita. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu likawa kuwafundisha wasichana wa parokia wanaocheza mbele ya altare siku ya misa. Mdogo wangu alikataa kuhama. Tangu utoto tulicheza pamoja kwenye mstari ule ule kule Beni, yeye daima kushoto kwangu. Mwaka jana vita vilimkuta shambani, akauawa.

Huku Butembo watu ni wema, lakini hakuna aliyenijua nilipokuwa mdogo. Ukikosa mtu wa kukukumbusha utoto wako, unakuwa kama uliyeanza kuishi ukubwani.

Basi, Warusi. Kwao kucheza vizuri kulikuwa ni kusimama juu ya ncha za vidole, mwepesi, kana kwamba sakafu inaunguza. Likatokea kundi moja lililoichezea Ulaya nzima lakini halikupata kucheza hata siku moja katika nchi yake. Hapo nilisogeza simu karibu. Wachezaji wake wakageuza miguu ndani, wakapiga chini kwa nguvu, na watu wa Paris wakapiga kelele kwa hasira. Nilicheka peke yangu. Kukanyaga ardhi tu, ndiyo ugomvi wote ule! Bibi yangu angewaonyesha kukanyaga.

Halafu wakasimulia juu ya mwanamke mmoja wa Urusi aliyezunguka dunia akicheza ndege anayekufa. Inasemekana alipofariki safarini, muziki wake ulipigwa vilevile, na taa ikafuata jukwaani pale ambapo angekuwa anapita. Hapakuwa na mtu. Nililia, na sindano ya cherehani ikaniharibia pindo.

Nikajua ndivyo ninavyotaka kwa mdogo wangu. Misa ya kumaliza matanga ilikuwa inakaribia, na kwa kuwa barabara ya kufika kaburini haikuwa salama, ingesomwa hapa Butembo. Nikawafundisha wasichana waingie wawili wawili, lakini katikati msichana mmoja acheze peke yake, na kushoto kwake wasipaguse.

Mama presidente wa kikundi chetu, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, alinivuta pembeni.

“Mwalimu, hapana. Mutu akikosa, tunafungaka mustari. Fasi ya wazi inaitaka mutu mwingine amufuate marehemu.”

“Mama, ni heshima ya mudogo wangu. Hata Warusi banafanyaka hivi.”

“Mais, lakini hao Warusi habana bandugu?”

Nikawarudia wasichana. Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Siku ya misa nilisimama kando ya nguzo. Ngoma ikaanza, wasichana wakaingia na vitenge vyao, na nafasi ikaonekana. Ilikuwa pana kuliko nilivyodhani. Nilimwona mdogo wangu mle, mkono wake wa kushoto ukichelewa kidogo kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu afe sikuwa peke yangu.

Ndipo mama presidente akanyanyuka kwenye benchi. Akaingia katika ile nafasi na magoti yake, akacheza vibaya, miguu imegeukia ndani, akikanyaga kwa kishindo mpaka altareni.

Baada ya misa nilimfuata nje.

“Kwa nini umeniharibia, mama?”

Alikuwa anasugua goti. Hakuonekana kunionea haya.

“Ile fasi haikuwa yangu. Nilikuwa nangoja weye uingie. Nikakuangalia, nikakuangalia. Ukabakia tu pale ku nguzo. Donc, basi, nikaingia.”

Nilikuwa nimemchezesha kila mtu isipokuwa mimi.

Jumapili iliyofuata nilifunga kitenge, nikaingia kwenye mstari. Wasichana walichekacheka, kisha wakanizoea. Yule wa kushoto kwangu alinisogelea, akinuka sabuni, akafunga mstari kama alivyofundishwa na mama zake. Nami, bila kufikiri, nikapiga hatua kulia, nimpishe mdogo wangu.