Wanja Kwenye Paji la Mwanangu

Nianze na zambarau, maana kila nikijaribu kuanzia kwingine najikuta nadanganya tena. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, hapahapa Ndungu, na mti wa jirani yetu kando ya mfereji wa mpunga ulikuwa umezaa mpaka matawi yameinama. Ningeomba, ningepewa. Yule mama si mchoyo. Lakini wiki ile tulikuwa tumerushiana maneno kuhusu zamu ya maji, na mimi nikishakasirika na mtu simwombi hata kiberiti. Nikangoja aende sokoni, nikachuma, nikala nimechuchumaa katikati ya mpunga. Jasho lilikuwa linanitoka, nikajifuta uso kwa mkono uliojaa rangi.

Mwanangu akazaliwa na baka jekundu linaloelekea zambarau. Lilianzia kwenye kope ya juu ya jicho la kulia, likapita nyusi, likapanda pajini mpaka kwenye nywele. Mama mkwe alimpokea, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Ulitamani nini ukakila kwa kificho?"

Wanawake wa huku wanaamini hivyo, kwamba mjamzito akila cha wizi halafu akajigusa, mtoto anatoka na alama palepale. Nikajibu kwamba sikutamani chochote. Mtoto hajamaliza hata saa moja duniani, mama yake keshasema uongo juu yake.

Huku bondeni watoto wachanga wengi wanapakwa wanja. Wanachorwa nyusi nene, wanapakwa machoni, na pajini wanawekewa doa ili kijicho cha watu kiishie hapo. Hakuna anayeuliza. Mimi nikakoleza kope, nikachora nyusi pana, doa nikalifanya kubwa kama kifuniko cha soda, na palipobaki nikapafunika kwa kofia ya sufu, joto lote hili. Asubuhi kabla sijapika hata chai nilikuwa nampaka. Wenzangu walinitania kwamba binti yangu anataka kuolewa akiwa bado mgongoni. Nilicheka nao. Mume wangu alijua, lakini mambo ya mtoto aliniachia mimi.

Akiwa na miezi mitano, jicho la kulia likaanza kuwa kubwa kuliko la kushoto. Watu wakalisifu. Nami, mjinga wa wajinga, nikajivuna, kwamba angalau Mungu kampa macho mazuri. Lilikuwa linatoa machozi, na juani alikuwa analifumba. Nikasema ni wanja unamwasha. Nikanunua wa aina nyingine.

Miezi miwili baadaye, mkono wake wa kushoto ulianza kurukaruka wenyewe. Ukafuata mguu wa upande huohuo, mdomo ukavutika, na mimi namwita hanisikii. Nilipanda naye bodaboda mpaka zahanati nikiwa na khanga moja tu. Mpaka tunafika alikuwa ametulia. Nesi akampima malaria, hakuwa nayo. Akaniuliza maswali mengi, kisha akauliza, kalamu ikiwa juu ya kadi: "Kuna alama yoyote aliyozaliwa nayo?"

Nyuma yangu, kwenye benchi, alikuwa ameketi yule jirani mwenye zambarau. Alikuja kupima presha.

"Hakuna," nikasema.

Nesi akaandika. Tuliporudi mara ya pili na ya tatu walisoma kadi ileile, wakaona hakuna, wakaandika degedege na kumpa dawa ya homa. Kama wangetaka kumfuta uso sijui ningewazuiaje, lakini ningewazuia. Hilo najijua.

Alipofika mwaka na miezi miwili, mkono wa kushoto ulikuwa umelegea. Ukimpa kijiko anapokea kwa wa kulia, wa kushoto umekaa tu. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali Same mjini. Daktari alikuwa dada mdogo tu kwangu kwa umri. Alilitazama lile jicho kubwa, hakulisifu. Akachukua pamba, akailoweka, akaanza kumfuta.

"Dokta, atalia huyo."

Akaendelea kufuta. Pamba ya kwanza ikawa nyeusi, ya pili ikawa nyeusi, na ya tatu ilipopita baka lilikuwa wazi mbele yetu.

"Hili limekuwepo tangu lini?"

"Limetokea juzi."

Akafungua kadi, akaisoma yote taratibu. "Mama, baka la namna hii halitokei juzi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza yote, zambarau, jasho, jirani. Hakucheka. Bora angecheka. Akaniambia kwamba zambarau hazihusiki kabisa, mtoto aliumbwa hivyo tumboni. Mishipa midogo ya damu iliyozidi pale kwenye ngozi imezidi pia juu ya ubongo upande huohuo, ndiyo inayoleta degedege na kuuchosha mkono wa upande wa pili. Na presha inapanda ndani ya jicho, ndiyo maana limekua. Akasema mtoto akiwa na baka pajini na kwenye kope, daktari akiliona tu anajua aanzie wapi.

Akaomba picha zake za zamani, apate kujua jicho lilianza lini. Nikatoa simu. Picha zilikuwa tele, na zote nilikuwa nimempiga kwa upande wa kushoto.

Wakatutuma hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa, akaanzishiwa dawa, jicho likapasuliwa kupunguza presha. Halikuona tena. Niliporudi Same nilimuuliza yule daktari anieleze ukweli. Akasema baka si kosa langu, degedege si kosa langu, mkono pia si kosa langu. Jicho hakulitaja, akaendelea kuandika.

Jirani nilimwendea mwenyewe, nikamwambia niliiba. Akasema alijua siku ileile, tulipopishana njiani akauona ulimi wangu. "Si ungeomba tu, mdogo wangu," akasema. Nililia uani kwake mpaka akanipa maji.

Sasa binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Dawa anameza asubuhi na jioni, degedege zimepungua. Wanja niliutupa chooni siku ileile tuliyotoka Same, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba angalau hilo nimelimaliza.

Mwezi uliopita walipigwa picha za shule, nami nilikwenda kumsaidia kufunga vifungo, maana kwa mkono mmoja anachelewa. Ilipofika zamu yake aliketi, akaushusha mtandio mpaka karibu na jicho, akageuza uso, shavu la kushoto mbele. Mpiga picha akamwambia atazame kamera.

"Huku ndiko kuzuri," akamjibu, kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni. "Mama ananipigaga hivi."

Yule kijana akanigeukia, ananisubiri niseme. Nyuma yetu watoto walikuwa wamejipanga, walimu wanatazama. Nikamwambia apige tu hivyohivyo, foleni ni ndefu.