Mkono Ulioshika Ngazi

Video ile ikianza kwenye runinga ya saluni, nazima. Wateja hulalamika, ati huo ndio wimbo wa wanawake kujiinua, mbona unauzima? Nawaambia saluni ni yangu na rimoti ni yangu. Wakinuna, wanune.

Yule fundi anayepigilia mabati kwenye video hiyo, mwimbaji akiimba kwamba mwanamke haombi ruhusa, ni dada yangu. Alisomea ujenzi kule chuo cha Sigalagala, na aliezeka nyumba za watu hadi Malava. Lakini nyumba yake mwenyewe hakuwahi kuipanda. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mumewe; akipanda, ni kama anamtakia kifo. Za wateja, haya, hiyo ni kazi. Ya mumewe, ng'o! Nyumba yake iliezekwa na fundi wa kukodiwa, dada amesimama chini akiuma midomo kila msumari ulipopinda.

Basi wakaja vijana wa kamera kutoka Nairobi, wakitafuta fundi mwanamke wa kweli. Walipoiona nyumba yake katikati ya miwa wakasema hapa hapa. Dada akasita. Shemeji ndiye aliyecheka. "Panda bwana! Mimi siwezi kufa kwa sababu ya mabati." Akaleta ngazi, akaishika mwenyewe.

Mwimbaji alibaki chini na ovaroli isiyo na doa, ameshika nyundo kama kijiko cha chai. Wanaume wengine walifungwa kanga waoshe sufuria mbele ya kamera, na watu wakaangua kicheko. Shemeji, aliyekuwa akiosha vyombo siku zote bila kuchekwa na mtu, hakuonekana kabisa. Walimkata kwenye picha, ukabaki mkono wake tu kwenye ngazi.

Wimbo ulipendwa. Mama mkwe wa dada alimwonyesha kila mgeni video hiyo, "Huyu ni bibi ya kijana wangu," akijivuna mpaka ukaona haya wewe.

Miwa ile ilikuwa haijakatwa shemeji alipoanguka kazini kiwandani. Presha, daktari alisema. Hakuamka tena.

Nilidhani tutalia tu. Wapi! Matangani, kaka mkubwa wa marehemu aliinua simu yake. "Oneni wenyewe." Simu ikapita mkono kwa mkono, wimbo ukilia mbele ya jeneza, na mama mkwe yule yule akamgeukia dada yangu: "Ulikuwa unatafutanga nini huko juu?" Nikawapigia kelele kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeshika ngazi, tazameni mkono! Wakaniambia mkono hauna sura. Haki ya Mungu, siku hiyo niliwachukia wote, na mwimbaji nikamchukia zaidi.

Hawakumfukuza. Walimwacha kwenye nyumba yake bila salamu. Na kazi ikakauka, kwa kuwa hakuna mwenye mume aliye hai anayemtaka juu ya nyumba yake.

Juzi upepo ulifumua bati moja la chumba chake cha kulala. Aliwaomba mashemeji zake, wakamjibu, "Si wewe unajuanga kupanda?" Nilipofika nikakuta karai katikati ya kitanda, matone yanaanguka, nyundo yake imetundikwa ukutani. Nikashikwa na hasira.

"Dada, hiyo ni kazi ya dakika chache! Mume ameshalala kaburini, unamwogopea nani?"

Nikaiburuta ile ngazi mwenyewe, nikaiegemeza ukutani, nikaishika kwa mikono miwili na kumwambia apande. Akachukua nyundo. Mvua ilikuwa imepungua, na kwa muda kidogo nilimwona fundi wangu wa zamani, misumari mdomoni.

Akapanda hatua mbili. Akatazama chini, akaiona mikono yangu pale ilipokuwa ya mumewe.

Akashuka, akatema misumari kiganjani, akaingia ndani kumwaga maji ya karai.